Vipuri vipya, usukani watetemeka: usikimbilie kununua vingine

Barua moja iliyonifikia wiki hii imetoka kwa mama wa watoto watatu anayeishi mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Yeye na mumewe wana Toyota Corolla ambayo ilikuwa ikigonga kila ilipopita kwenye tuta. Wakajinyima miezi kadhaa, wakanunua shokomzoba nne, mikono miwili ya chini ya magurudumu ya mbele pamoja na boljointi zake, na linki za stabilaiza. Fundi akashinda chini ya gari kutwa nzima. Kugonga kukaisha kabisa, na nyumbani furaha ikawa kubwa.

Jumamosi iliyofuata waliingia Barabara ya Thika. Gari lilipofika kilomita 90 kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwa baba watoto "kama mtu mwenye homa ya malaria". Walipopunguza mwendo hadi 70, ukatulia. Waliporudi kwa fundi, waliambiwa kwamba sasa ni raki ya usukani iliyokwisha, na kwamba watafute shilingi 25,000 zaidi. Karo ya muhula inangoja. Mama anauliza: watoe pesa hizo, au wanaliwa?

Dada, msitoe hata senti kwanza. Sisemi kwamba fundi wenu ni mwizi. Mafundi wengi wa jua kali ni watu waaminifu ambao hawana mashine ya kupimia, kwa hivyo wanakisia, na kukisia kwao hulipiwa na mwenye gari. Lakini tazameni jambo hili kwa utulivu. Raki iliyokwisha haingoji kilomita 90 ndipo ijitokeze. Hugonga kwenye barabara mbovu hata ukienda polepole, na usukani huwa na ulegevu, yaani unauzungusha kidogo na magurudumu hayaitikii. Hamkutaja lolote kati ya hayo. Isitoshe, gari halikuwa likitetemeka kabla ya kuingia gereji. Basi swali la kwanza ni hili: siku ile, ni vitu gani vilivyoguswa?

Kabla hatujajibu, ningependa wasomaji wote wenye magari wajifunze kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Wengi wetu tukifika gereji tunasema tu, "Fundi, usukani unasumbua." Hiyo ni sawa na kumwambia daktari kwamba mwili unauma. Kutetemeka ni usukani kucheza haraka haraka kushoto na kulia, au kutikisika kama simu iliyowekwa mtetemo. Kuvuta ni gari kuelekea upande mmoja ukiachilia usukani kidogo. Kuyumba ni gari kutangatanga barabarani hata bila upepo, mpaka dereva anakuwa mtu wa kusahihisha kila mara. Kugonga mnakujua. Kila moja ya shida hizi ina chanzo chake, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Usukani ukitetemeka, jambo la kwanza watu husema ni "peleka alaimenti". Alaimenti ni kupanga pembe za magurudumu ili yatazame mahali panapofaa. Ikiharibika, gari huvuta au huyumba, usukani hukaa upande barabara ikiwa imenyooka, na matairi huliwa kingo. Mtetemo unaoanza kwa kasi fulani na kuisha kwa kasi nyingine ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi chanzo chake ni gurudumu lisilo na balansi.

Wale waliosoma fizikia ya kidato cha nne watakumbuka somo la mwendo wa duara. Chukua tairi la kawaida la Corolla, la rimu ya inchi 15. Kwa kilomita 100 kwa saa huzunguka karibu mara 14 kwa kila sekunde moja. Tuseme kipande cha risasi cha gramu 30, kile kidogo kinachobandikwa kwenye ukingo wa rimu, kimeanguka. Gramu 30 ni uzito wa vijiko vichache vya sukari. Lakini kwa kasi hiyo upande uliobaki mzito huvuta gurudumu kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo nne, mara 14 kwa sekunde, mara juu, mara chini, mara mbele, mara nyuma. Kwa kilomita 50 nguvu hiyo hushuka hadi robo, yaani kama kilo moja tu, na hutaihisi. Ndiyo maana gari linalotulia mjini hugeuka kuwa mashine ya kushona likifika barabara kuu. Na kwa kuwa springi na mpira wa gari vina mdundo wao wa asili, mtetemo huwa mkali zaidi pale midundo hiyo miwili inapokutana, kisha hupungua ukizidisha kasi. Tafadhali usiifanye hiyo kuwa dawa.

Sasa turudi gereji. Ili kufunga shokomzoba na mikono ya chini, fundi hana budi kung'oa magurudumu yote manne. Aliyarudisha mahali pale pale? Mara nyingi hapana. Huyaviringisha kando, mtoto wa kazi akayarudisha kadiri anavyoyafikia. Gurudumu lililokuwa nyuma, likiwa halina balansi tangu mwaka juzi, likija mbele sasa linaongea na usukani moja kwa moja. Lilipokuwa nyuma lilitikisa kiti tu, na mkasema ni barabara. Hii ndiyo sababu ninayoishuku kwanza katika gari la Umoja, na kuitafuta hakugharimu chochote ila jasho: hamisheni magurudumu mawili ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila moja upande wake, kisha rudini Barabara ya Thika. Mtetemo ukihama kutoka usukani hadi kwenye viti, ugonjwa uko kwenye tairi au rimu. Ukibaki pale pale kwenye usukani, ugonjwa uko kwenye gari lenyewe. Jaribio hilo moja lina thamani kuliko makisio ya mafundi watatu.

Mkiwa mmeng'oa magurudumu, tazameni pale rimu inapokutana na habu, yaani kile kitovu chenye skrubu za gurudumu. Kutu iliyojikusanya hapo, au chembe ya udongo mkavu, huzuia rimu kukaa bapa. Gurudumu linakazwa likiwa limeinama kidogo sana, na huo kidogo unatosha. Sugueni kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Wenye rimu za kupendezesha, zile ambazo hazikuja na gari kutoka Japan, wana jambo jingine la kutazama. Tundu la katikati la rimu nyingi za aina hiyo lina upana wa milimita 73.1, ilhali kitovu cha Corolla nyingi ni milimita 54.1. Nafasi inayobaki huzibwa na pete ya plastiki. Pete hiyo ikianguka kwenye changarawe za gereji hakuna atakayeiona, na gurudumu litafungwa likiwa nje ya kitovu kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukigundua. Mikono ya dereva itakigundua.

Kisha nati. Zinakazwa kwa kuvuka, moja juu, ya pili upande wa pili, kama vile fundi cherehani anavyoshikiza kitambaa kabla ya kukishona. Kwa gari kama Corolla nguvu inayotakiwa ni Nm 103. Fundi mwenye kilo 75 akisimama juu ya spana yenye mkono wa nusu mita anatoa nguvu ya zaidi ya mara tatu ya hiyo, na anaweza kupinda diski ya breki au kuvuta nyuzi za skrubu. Na fundi anayekaza nati zote upande mmoja kwanza huliacha gurudumu limelalia pembeni. Baada ya kilomita 50 au 100 nati zikaguliwe tena. Jambo hili si la kutania, kwani gurudumu lililolegea hutoa onyo kwa mtetemo kabla ya kutoka.

Kuna wale ambao usukani wao hutetemeka wanapokanyaga breki tu. Hao wasihangaike na balansi. Diski ya breki lazima izunguke bila kuyumba, na watengenezaji wengi huweka kikomo kilicho chini ya milimita 0.1, ambao ni unene wa karatasi ya daftari. Kama diski ilitolewa ili mkono wa chini upitishwe, halafu ikarudishwa juu ya kutu, basi uyumbaji huo umekwisha kuzaliwa. Ulizeni pia kama kalipa ya breki iliachwa ikining'inia kwa mpira wake wakati wa kazi. Hiyo ni kazi mbaya. Mpira huo ndio unaobeba breki yako.

Na kama mtetemo huja wakati wa kukanyaga mafuta tu, hasa mkipanda mlima, kisha hutulia mkiachilia, elekezeni macho kwenye draivu shafti. Mkono wa chini ukifunguliwa, gurudumu lote huweza kuvutwa nje mno na jointi ya ndani ya shafti ikafunguka au ikakaa vibaya. Tazameni kama buti yake imechanika na grisi kutapakaa.

Tuseme mmebadilisha magurudumu, mmesugua habu, mmelipa mia chache za balansi kwa kila gurudumu, na bado. Hapo ndipo mnaanza kukagua vile vipuri vipya vyenyewe, na jinsi vilivyofungwa. Kuna kosa moja ambalo nimesikia mafundi wazee wa Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado huiita Grogan, wakiwakaripia vijana wao kwa ajili yake. Bushi ya mkono wa chini ni mpira ulioshikana na bomba la chuma katikati. Bolti ikikazwa, bomba hilo hushikwa na halizunguki tena. Mkono unapopanda na kushuka ni mpira unaojisokota. Sasa, fundi akiikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Anaposhusha gari, mpira unasokotwa siku nzima, hata gari likiwa limeegeshwa. Unachanika kabla ya wakati wake, na gari huanza kuyumba na kugonga, halafu mwenye duka analaumiwa kwamba aliuza bushi bandia. Bolti hizo zinapaswa kukazwa kwa mara ya mwisho uzito wa gari ukiwa umelala juu ya magurudumu. Mwulize fundi wako kwa upole, "Fundi, zile bolti za bushi ulizikaza gari likiwa juu au chini?" Fundi mjuzi atafurahi umeuliza. Yule mwingine atakuambia, "Mama, hiyo ni kitu kidogo, wacha kazi kwa wenyewe." Mnaona tofauti.

Shokomzoba za mbele nazo zina beringi pale juu, chini ya boneti, inayoruhusu springi na shokomzoba kuzunguka unapopiga kona. Ikiwekwa kinyume, au ile kuukuu iliyojaa mchanga ikirudishwa ili kuokoa pesa, usukani huwa mgumu, haurudi wenyewe baada ya kona, na springi hujikunja kisha kujifyatua kwa mlio wa "tung!". Huo si mtetemo, lakini watu huuita hivyo.

Ukaguzi mdogo mnaweza kuufanya nyumbani. Egesheni mahali tambarare, vuteni breki ya mkono, zuieni magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa, na mkiinua mbele wekeni kigingi cha chuma chini ya gari. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama ni fundi wa miaka 20. Shika tairi kwa juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi, au nati yake haikukazwa. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza hapo, tazama tairodi na mwisho wake, halafu ndipo mfikirie ile raki ya shilingi 25,000. Beringi iliyokwisha kwa kawaida huvuma pia kama ndege ya mbali, na mvumo hubadilika mkipinda.

Jambo moja huwashangaza watu. Inawezekana kwamba fundi hakukosea popote. Bushi zenu za zamani zilikuwa zimelegea kama ndala, na ulegevu huo ulikuwa ukimeza mtetemo wa tairi bovu kabla haujafika kwenye usukani. Bushi mpya ni ngumu, zinapitisha kila kitu. Tairi halikuharibika Ijumaa. Lilikuwa bovu, ila hamkuwa na masikio ya kulisikia. Aidha, gari likikaa juu ya magurudumu yake siku nyingi likisubiri kipuri, tairi huweza kubonyea pale lilipogusa ardhi. Hilo hutetemesha gari kwa kilomita kadhaa, kisha tairi likipata joto hurudi umbo lake.

Wenye Land Cruiser, Land Rover Defender na Suzuki Jimny, msidhani nimewasahau. Magari haya mengi yana ekseli moja nzima mbele, na kutetemeka kwake kunatisha. Unapiga shimo ukiwa kilomita 70, na mara sehemu yote ya mbele inatikisika kwa nguvu hadi usukani unataka kuponyoka, na haiachi mpaka karibu usimame. Mara nyingi huja baada ya mtu kuinua gari kwa springi ndefu ili lipendeze. Springi ndefu huizungusha ekseli, na ile pembe inayofanya magurudumu yajirudie katikati, mafundi huiita kasta, hupungua. Ukiongeza bushi zilizokwisha za ile fimbo inayoizuia ekseli kwenda kando, au beringi legevu za pini za magurudumu, umekamilisha dawa ya ajali. Wengi huuziwa dampa mpya ya usukani. Dampa hufunika ugonjwa kwa muda. Pembe irekebishwe na ulegevu utafutwe. Na ikikukuta barabarani watoto wakiwa nyuma, usikanyage breki kwa ghafla na usipigane na usukani. Ushike imara, ondoa mguu kwenye mafuta, acha gari lipungue kasi, kisha toka kando ya barabara.

Baada ya kubadilisha shokomzoba, mikono au tairodi, alaimenti ni ya lazima hata kama usukani umetulia, la sivyo matairi mapya yataliwa mkitazama. Ombeni karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Na kama mnapanga kwenda mashambani kwa sikukuu, fungeni vipuri wiki mbili kabla. Wale wanaotoka gereji Alhamisi jioni na kuanza safari ya Kakamega Ijumaa alfajiri hulifanyia gari majaribio kwenye mteremko wa bonde la ufa, na huko si mahali pa majaribio.

Nafasi inayobaki ni ya mwanafunzi mmoja wa chuo cha ufundi anayeuliza jinsi ya kujua umri wa tairi analouziwa kama jipya. Kijana, tafuta ubavuni herufi DOT na uzifuate mpaka mwisho. Utakuta tarakimu nne, wakati mwingine upande mmoja wa tairi tu, kwa hivyo usichoke kutazama upande wa ndani. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Palipoandikwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019, hata kama muuzaji amelipaka rangi nyeusi asubuhi hii.